Mitihani 6 ya Programu, Kuanzia Kichekesho Hadi Bwawa la Mtera

Kigezo ni kimoja tu: mtihani unafanana na kazi kiasi gani? Kubisha ruksa, ila fika namba moja kwanza.

6. Programu kwa kalamu na karatasi
Unakatwa alama kwa nukta mkato uliyoisahau, kosa ambalo kompyuta ingekuonyesha kabla hujapiga chafya. Hukumu: huu ni mtihani wa mwandiko.

5. Namba za Fibonacci
Mtaliano huyu alianza kuhesabu sungura mwaka 1202, na mpaka leo wanafunzi wanamsaidia. Hukumu: nafasi ya mhesabu sungura bado haijatangazwa Dodoma. Mnaonung'unika, nawasikia.

4. Mfumo wa maktaba
Azima, rudisha, lipa faini. Unakaribia kazi, shida ni kwamba jibu linarithishwa, kaka anamwachia mdogo. Hukumu: kinachoazimwa kuliko vitabu vyote ni mradi wenyewe.

3. Tiketi ya basi
Dodoma kwenda Iringa kupitia Mtera, kuondoka "saa 12 asubuhi". Kompyuta inaandika 12:00, yaani saa sita mchana. Hukumu: mwanafunzi kapata 100, abiria kapata vumbi la basi.

2. Kurithi programu ya mtu
Unapewa kazi ya mwanafunzi wa mwaka jana, vigeu vyake vinaitwa x, xx na x_mpya_mpya. Ongeza kitu kimoja bila kubomoa kumi. Hukumu: hii ni ajira kamili, imekosa mshahara tu.

1. Bwawa la Mtera
Kituo cha megawati 80, kazini tangu 1988. Maji yakitoka hapa yanateremka na Ruaha Mkuu hadi Kidatu, kwenye megawati 204 nyingine. Ukikosea juu, chini wanakusoma. Sasa mpe mwanafunzi vipimo vya maji vilivyochafuka: siku moja haina kitu, nyingine imeandikwa "maji mengi", nyingine 6985, nukta imedondoka njiani. Bwawa likijaa pomoni ni mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Muulize: kesho tufungulie maji kiasi gani? Hukumu: programu ikiimeza 6985 bila kushtuka, ziwa limeupita Kilimanjaro kwa zaidi ya kilomita moja, na perege wanahitaji masweta.

Haya, mtetezi wa Fibonacci, uwanja ni wako.