Uliza Mjomba Miwani: Nimependa Wawili, Mmoja Kazi Yake Kusoma Tu

Safu hii hujibu matatizo yaliyowashinda mashehe, wachungaji, washauri wa ndoa na mafundi simu wa Mtaa wa Aggrey. Barua hupokelewa barazani, Mnazi Mmoja, upande wa Lumumba, kuanzia baada ya chai hadi jua linapofika benchi. Majina yamefichwa ili waandishi wasitambuliwe na wake zao, waume zao, wala wanaowadai.

*Shikamoo Mjomba. Nina miaka 29, nauza nyaya na swichi Mtaa wa Uhuru. Napenda mno riwaya za Kiingereza za upelelezi. Mwezi huu nimepokea mchezo, na moyo umegawanyika. Yuko Kindle, kisomeo cha vitabu: mpole, wa kijivu, haongei. Na yuko kishikwambi: ana rangi zote, anaimba, anacheza, anajua habari za mjini. Kila nikipita dukani ananikonyeza. Nimchukue yupi?*
*Nusunusu, Kariakoo*

Marahaba mwanangu. Moyo tuuweke kando kwanza, tuulize macho.

Kishikwambi kina taa nyuma ya kioo, na taa hiyo inakumulika usoni muda wote unaposoma. Kindle na ndugu zake wanatumia wino wa kielektroniki. Ndani ya kioo mna vijipira vidogo kuliko punje ya unga, na kila kijipira kimejaa chembe nyeusi na nyeupe zenye chaji zinazopingana. Umeme ukipita, nyeusi zinapanda juu au nyeupe zinapanda, na herufi inatokea. Umeme ukikatika, chembe zinabaki pale pale zilipo. Kwa hiyo kioo kinakula umeme pale unapogeuza ukurasa tu, na ukizima taa yake ya pembeni unaweza kwenda wiki kadhaa hujachomeka chaji. Wewe unayeuza nyaya unajua maana ya jambo hilo katika mji ambao umeme unaweza kuondoka katikati ya sentensi.

Akili hiyo ilitoka chuo cha MIT, Marekani, na kampuni ya E Ink ikaanzishwa mwaka 1997 kuiuza. Miaka kumi baadaye, Novemba 2007, Amazon wakatoa Kindle ya kwanza kwa dola 399, na mzigo wote ukaisha kwa saa tano na nusu. Msomee bosi wako habari hiyo uone atakavyolia kwa wivu. Kishikwambi cha iPad kilikuja 2010, na watu wengi wakasema Kindle imekufa. Haikufa, kwa sababu wasomaji wa riwaya ni watu wabishi.

Sasa fanya jaribio. Saa saba mchana njoo hapa viwanjani, keti na kishikwambi penye jua. Utaona uso wako, utaona mti, utaona na yule mama wa karanga anayepita nyuma yako. Kitabu hutakiona. Kindle penye jua inasomeka kama gazeti.

Lakini hata jua si sababu yangu kubwa. Hebu fikiria umefika mahali ambapo mpelelezi anashika kitasa cha mlango. Papo hapo kishikwambi kinalia: kundi la harusi, mchango wako bado haujaonekana. Unajibu. Mwingine anajibu jibu lako. Mtu anatuma video ya mbuzi. Kuanzia hapo muuaji hutamjua tena, utamjua mweka hazina tu. Kindle ina mtandao, ila uvivu wake kwenye mambo mengine ni wa kiungwana: ukijaribu kuperuzi humo utachoka mwenyewe na kurudi kwenye hadithi.

Uamuzi wangu ni huu: kwa kuwa unasoma riwaya, tena za Kiingereza, chukua yule wa kijivu. Ungekuwa msomaji wa riwaya za Kiswahili ningekujibu vingine, kwa sababu duka la Amazon lina Kiswahili kiduchu sana, na vitabu vyetu vingi bado viko kwenye karatasi. Tafuta pia kadi ya kulipia mtandaoni kabla ya kununua kifaa, maana duka lile halipokei noti kupitia dirishani.

*Mjomba, nimenunua Kindle iliyotumika kwa jamaa mmoja wa mezani, karibu na Gerezani. Kwenye kioo kuna picha. Jamaa akasema ni stika ya kiwandani, nibandue tu. Nimekwangua kwa kucha, ikagoma. Fundi akaleta wembe. Sasa picha ipo, mikwaruzo ipo, na fundi anadai hela ya kazi.*
*Mkwaruzaji, Gerezani*

Pole sana. Mwanangu, hakuna stika hapo. Ile picha ni wino wenyewe. Rudi kwenye jibu la Nusunusu: umeme ukiondoka, chembe hazishuki, kwa hiyo Kindle iliyolala au iliyoishiwa chaji inakaa na picha yake ya mwisho kana kwamba imechapwa. Wangapi duniani wameipigania hiyo "stika" kwa kucha! Wa wembe ndiyo kwanza namsikia. Fundi usimlipe. Ila usimtukane pia, kesho utamhitaji kwa simu.

Ichaji kwanza, kisha shikilia kitufe cha kuwashia, hesabu pole pole mpaka arobaini, uachie. Ikiamka, una kioo chenye makovu lakini kinasoma. Isipoamka, kioo kimekwenda, na kioo chake si cha kuokota kwenye meza yoyote kama cha simu.

Wengine mnaotamani za mezani, nisikilizeni kabla pesa haijatoka mfukoni. Iwashwe mbele yako. Iunganishwe na intaneti ya simu yako. Kisha uisajili kwa akaunti yako mwenyewe, palepale umesimama, muuzaji akinuna anune. Kindle iliyoripotiwa kuibwa au kupotea Amazon wanaweza kuifungia, na ikifungiwa haisajiliki kwa mtu mwingine. Ukikuta matangazo kwenye kioo inapolala, usiogope. Zile ziliuzwa kwa bei nafuu kwa masharti ya kuonyesha matangazo, na hazina kosa lingine.

Na tafadhali msimwambie muuzaji abonyeze *#06# kwenye Kindle. Nimeshuhudia mzee mmoja aking'ang'ania hilo mpaka duka likajaa watazamaji. Namba ya IMEI ni ya vyombo vinavyotumia laini. Tangu Juni 2016, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, walipozima simu bandia usiku wa manane, kila mtu mjini amekuwa mkaguzi, na ni jambo jema. Kishikwambi chenye tundu la laini kikague hivyo. Kindle ya Wi-Fi tupu haina IMEI ya kukaguliwa.

*Shikamoo Mjomba. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Ilala. Ninacho kishikwambi cha kazi, katika vile vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu. Watoto wangu wamekigeuza jumba la sinema. Baba yao anasema tununue Kindle ili wasome vitabu vya shule bila katuni. Una maoni gani?*
*Mwalimu Aliyehesabu Watu, Ilala*

Marahaba mwalimu, na pole kwa kazi zote mbili.

Baba watoto ana nia njema na hesabu mbaya. Kitabu cha shule kimepangwa kwa ukurasa mpana, kina michoro, majedwali na rangi. Ukikiingiza katika Kindle ya kawaida ya inchi sita kwa mfumo wa PDF, ukurasa mzima unasinyaa, herufi zinakuwa za kuonea kwa darubini. Ukivuta zikue, mtoto anasoma nusu ya mstari, anasukuma, anasoma nusu nyingine, kisha anaomba ruhusa ya kwenda chooni na harudi. Njoo kwenye somo la sayansi: mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, ini kijivu, tumbo kijivu, utumbo kijivu. Mtoto atajibu mtihani kwamba binadamu ameundwa kwa saruji. Visomeo vya wino wa rangi vipo, lakini bei yake haifai kuzungumzwa mbele ya mwalimu katikati ya mwezi.

Kishikwambi hapo ndipo kinapostahili heshima. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na kioo kipana cha rangi kinavionyesha kama vilivyochapwa. Kwa hiyo kifaa sahihi unacho tayari. Shida yako ni nywila. Weka nywila ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa, kwa sababu wanao wanaujua, na kile ni chombo cha serikali. Siku kikirudi na ufa wa sinema ya katuni, sitaki kuwa shahidi.

Na Jumamosi moja wachukue watoto, mfuate Barabara ya Bibi Titi mpaka Maktaba Kuu ya Taifa. Mwalimu Nyerere aliifungua mwaka 1967, na vitabu vyake mpaka leo havijaomba bando.

*Mjomba, niko Muscat. Mama yangu yupo Mtaa wa Sikukuu, ana miaka 71, macho yanamsumbua. Nataka kumtumia Kindle kwa sababu herufi zinakuzwa. Ndugu zangu wanasema nimtumie kishikwambi. Tumegombana mpaka tumetoka kwenye kundi la familia.*
*Mtoto wa Mwisho, Muscat*

Ulimuuliza mama? Hukumuuliza. Nimepita Sikukuu nikiwa na shughuli zangu, nikauliza kina mama wa rika lake kwa niaba yako. Hakuna aliyetaja herufi. Wanataka kuona wajukuu wanaongea, na waone kama mnakula vizuri huko. Tuma kishikwambi, kikubwa, chenye sauti ya kusikika jikoni, na umlipie bando kila mwezi bila kukumbushwa. Misahafu yenye maandishi makubwa ipo kwenye programu pia, akiitaka. Kisha rudi kwenye kundi la familia, omba radhi kwa dada yako mkubwa kwanza.

*Mjomba, nisubiri bei zishuke?*
*Mvumilivu, Mchikichini*

Mwaka 2021 Serikali iliondoa VAT kwenye simu janja na vishikwambi ili wananchi wapate nafuu. Mwaka uliofuata msamaha ukafutwa, kwa hoja kwamba nafuu haikumfikia mnunuzi. Waulize wenye maduka nafuu ilikaa wapi. Mimi naishi hapa, siulizi. Wakati unasubiri, nenda duka la vitabu la TPH, Samora, ununue kitabu cha karatasi.

*Mjomba, naogopa kitu kimoja. Vitabu vyangu vya karatasi navijua, vipo kabatini, hata waliokopa nawajua kwa majina. Je, nikinunua kitabu kwenye Kindle, ni changu kweli?*
*Mwenye Kabati, Jangwani*

Barua hii ningeibandika kwenye nguzo pale Lumumba.

Julai 2009 wasomaji wa Marekani waliamka wakakuta vitabu viwili walivyovilipia vimetoweka kwenye Kindle zao. Aliyeviuza hakuwa na haki navyo, kwa hiyo Amazon waliingia kwa mbali wakavifuta na kurudisha pesa. Mwanafunzi mmoja alipoteza na maelezo yote aliyokuwa ameyaandika pembezoni. Vitabu vyenyewe vilikuwa vya George Orwell, yule aliyeandika habari za dola linalochungulia mpaka chumbani: *1984* na *Animal Farm*. Mkuu wa Amazon aliomba radhi hadharani, akasema walichofanya ni upumbavu. Lakini tangu siku ile tunajua kwamba funguo wanazo. Februari 2025 wakaondoa na ile njia ya kushusha kitabu ulichonunua kwenye kompyuta yako na kukihamisha kwa waya.

Sisi hicho cha pili tunacho tangu 1967, *Shamba la Wanyama*, tafsiri ya Fortunatus Kawegere. Nakala ya karatasi haiwezi kufutwa usiku na mtu aliye ng'ambo. Inaweza kuondoka na shemeji, hilo sikatai, lakini shemeji unajua anakokaa.

Kwa hiyo jibu: unaponunua kwenye Kindle, unalipia ruhusa ya kusoma. Mara nyingi ruhusa hiyo inatosha. Riwaya ya kusoma mara moja kwenye mwendokasi, kutoka Gerezani hadi Mbagala, inunue hivyo bila wasiwasi. Kitabu unachotaka mjukuu akikute, nunua karatasi. Na kishikwambi hakikuokoi hapa: ukisoma kwa programu ya Kindle humo, masharti ni yale yale.

*Mjomba, nina PDF 3,000 za bure za riwaya za Kiswahili, nimezipata kwenye makundi. Kifaa gani kitazibeba zote?*
*Tajiri wa Vitabu, Magomeni*

Umesoma ngapi? Hiyo moja. Na mwandishi wake hajapata hata nauli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na waandishi wetu wengine wanapita hapahapa Mnazi Mmoja kwa miguu. Futa, kisha ununue kimoja.

Barua za wiki ijayo ziletwe kwa karatasi, mwandiko usomeke. Anayetaka kuniuliza kuhusu simu ya kukunja amuulize kwanza mke wake. Na ndugu msomaji unayeninong'oneza kila Ijumaa kwamba hujaamua bado ununue kipi, ilhali huna kitabu ulichomaliza tangu kidato cha nne: usinunue chochote. Maktaba ipo wazi.