Miungu ya Walugbara, Kuanzia Mpole Hadi wa Mtoni

Ukitembea usiku Vurra, kusini mwa Arua, Uganda, kuelekea mpaka wa Kongo, afisa wa forodha siye wa kwanza kumwogopa. Nimewapanga wanaostahili. Wazee wenye pingamizi waniite chini ya mwembe. Soda juu yangu.

6. Adroa wa mbinguni. Muumba wa watu wote. Zamani tulipanda kwake na kushuka kwa kamba (wengine husema mwanzi, wengine mnara). Ikakatika, tukatawanyika kila mtu na lugha yake. Tangu siku hiyo hajatuma fundi.

5. Gborogboro na Meme. Mume na mke wa kwanza. Tumbo la Meme lilijaa wanyama pori: swala akachomoka, wenzake wakamfuata, ndipo wakaja watoto wa kibinadamu. Na wewe unalalamikia mapacha!

4. Jaki na Dribidu. Mashujaa. Jaki alifia mlima Liru, upande wa Koboko, na Dribidu mlima Wati, ambao pia huitwa Eti. Huyu Dribidu, mwenye manywele mwili mzima, alikuwa akila watoto wake mpaka akafukuzwa ng'ambo ya Nile. Kufika huku akamponya mwanamke mwenye ukoma, akamwoa, akatulia. Eneo letu la West Nile halijaanza leo kupokea wakimbizi.

3. Mababu. Mjibu mzee jeuri uone. Hakupeleki polisi, anawanong'onea marehemu kwenye vijiwe vyao vya tambiko, nawe unaamka na homa. Kesi haina wakili.

2. Adroanzi. Watoto wa Adro (tutamfikia), wakaao vijitoni na kwenye miti mikubwa. Husemwa wanakufuata gizani na kukulinda, ila ole wako ukigeuka nyuma. Nimeuliza kama kioo cha bodaboda kinahesabika kugeuka. Sijajibiwa.

1. Adro. Ndiye Adroa yuleyule, ila sura yake ya karibu, na ukaribu ndio ubaya wake. Mwanaanthropolojia John Middleton, aliyeishi na Walugbara kati ya 1949 na 1952, aliandika alivyosimuliwa: mrefu, mweupe, nusu mtu, yaani jicho moja, sikio moja, mkono mmoja, mguu mmoja anaorukia. Huwakamata wasichana porini, na wengine hurudi wakiwa waaguzi, kwa hiyo hata kazi anatoa. Lakini wengine huwala. Wasema amwonaye hufa.

Sasa, wazee wangu, miguu aliihesabu nani?