Namna ya Kushindwa Kuacha Sukari Bila Kuaibika

Sukari hutaiacha. Tukubaliane hapo kwanza, mimi na wewe, mlango ukiwa umefungwa. Uliapa Jumatatu, na Jumatano ukakutwa na kaimati mdomoni. Si neno. Mwongozo huu ni wa watu kama sisi, tunaotaka meno, ini na kongosho zetu vifike salama uzeeni, lakini hatutaki kuonekana wagonjwa au wenye maringo mbele za watu. Njia za mkato zipo, nami nakupa zile ninazoziamini.

1. Usimwambie mtu.

Ukishatangaza, nyumba nzima inageuka askari. Shemeji atahesabu visheti unavyochukua, na mtoto wa jirani atakuuliza kwa sauti kwani si uliacha. Punguza kimya kimya. Mtu ambaye hakuna anayejua kwamba ameanza, hata akianguka leo hakuna atakayejua, na kesho anaendelea pale alipoishia.

2. Piga kikombe, sahani iache.

Hapa nataka unisikilize vizuri, maana wengi hupigana vita mahali pasipo na adui. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile iliyomo kwenye asali na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima asilimia 10 ni kama gramu 50, yaani vijiko 12 vya chai vilivyosawazishwa. Asilimia 5 ni vijiko sita.

Sasa piga hesabu. Chupa moja ya kola ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30, karibu vijiko vinane. Vikombe viwili vya chai ya asubuhi, vijiko vitatu kila kimoja, tena vijiko vya kwetu vyenye mlima juu, vimemaliza vinne vilivyobaki na kuvuka mpaka. Saa nne haijafika na hujagusa hata andazi.

Tena utamu wa kunywa haushibishi. Ukila mihogo yenye kalori sawa na ile soda, utapunguza wali mchana. Ukinywa soda, wali unakuja palepale na soda imejipachika juu yake. Na sukari ya mezani ni nusu glukosi, nusu fruktosi. Glukosi huingia kwenye damu na kongosho hutoa insulini ya kuishughulikia. Fruktosi sehemu kubwa huishia kwenye ini, na ikija nyingi kila siku, ini huigeuza kuwa mafuta. Ndiyo maana wanywaji wa kila siku wa vinywaji vitamu wanaugua kisukari cha aina ya pili zaidi kuliko wenzao.

Kwa hiyo kipande cha keki ya harusi kula, na upige picha. Ushindi wako uutafute kwenye kikombe, mahali ambapo hakuna anayetazama.

3. Udanganye ulimi, polepole.

Ulimi unadanganyika kwa urahisi, mradi usiushtue. Toa robo kijiko wiki hii, robo nyingine wiki ijayo. Miezi michache ikipita, ukirudishiwa chai yako ya zamani utauliza nani kamimina sharubati.

Wakati unapunguza, uletee ulimi washirika. Iliki, mdalasini, vanila: pua inachangia sana kwenye utamu, na harufu tuliyoizoea pamoja na vitu vitamu humfanya mtu aone utamu zaidi ya uliomo. Chai ya maziwa iliyopikwa na iliki na mdalasini hubeba upungufu wa sukari ambao chai tupu isingeubeba. Kwenye kahawa, tia chembe ya chumvi. Hupunguza uchungu, nao uchungu ndio uliokuwa ukikufanya unyooshe mkono kwenye bakuli la sukari.

Baridi nayo huficha utamu. Iache soda ikae mezani mpaka baridi yake yote iishe, kisha onja. Hapo ndipo utajua umekuwa ukinywa nini.

Na kama ni wewe unayepika chai ya nyumba nzima, sukari ikitiwa sufuriani, umeshapewa madaraka. Yatumie. Punguza robo kila baada ya wiki chache na usiseme.

4. Waige watu wa pwani.

Muuza kahawa wa Lamu, Mombasa au Unguja ameshatatua jambo hili zamani. Kahawa chungu, haina sukari hata punje, kwenye kikombe kidogo, na pembeni kashata, tende au kipande cha halua. Utamu unaoushika kwa vidole unaujua umekula kiasi gani, na ukiumaliza umemaliza. Uliokorogwa na kuyeyuka hauhesabiki. Kashata moja kwa kahawa mbili tatu ni biashara nzuri, na hakuna atakayekuona umejinyima, kwani unaonekana mtu wa mila. Sharti ni moja: kikombe kisitiwe sukari.

5. Ukiwa ugenini.

Usimwambie mwenyeji kwamba chai yake ni tamu mno. Hutasamehewa, wala hustahili. Wahi mapema, kabla birika halijafika: "Shikamoo shangazi. Leo nimekuja na hamu ya ile chai yako ya rangi yenye tangawizi. Sukari nitajitilia mwenyewe, usihangaike." Umemsifia tangawizi yake, umempunguzia kazi, na kijiko kiko mkononi mwako. Mchaichai nao una nguvu hiyohiyo. Ikiwa sukari imeshaingia kwenye chupa, kunywa kikombe kimoja, shukuru, na cha pili omba maji.

6. Ukila, kula kwa mpigo mmoja.

Bakteria wa mdomoni hula sukari na kutoa asidi inayochimba meno. Kila unapoingiza kitu kitamu, asidi hiyo hukaa kazini kama nusu saa hivi. Soda ukiimaliza kwa mara moja pamoja na chakula, meno yameshambuliwa mara moja. Ukiibusu kidogokidogo ofisini kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, umeyashambulia asubuhi nzima. Peremende ya kunyonya ni mbaya kuliko kipande kikubwa cha keki kwa sababu hiyohiyo. Baada ya hapo sukutua kwa maji. Usikimbilie mswaki papo hapo, kwa kuwa asidi ya soda imeshalainisha ngozi ya jino, subiri kwanza.

7. Vitamu mbadala: vitumie kama daraja, usihamie.

Kwanza ujue jinsi vilivyopatikana, maana utapata cha kusimulia. Mwaka 1879 Constantin Fahlberg, mkemia aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani, alikaa kula bila kunawa vizuri, akaona mkate wake mtamu ajabu. Hiyo ndiyo sakarini. Mwaka 1965 James Schlatter alilamba kidole ili ashike karatasi, akagundua aspatemu, yenye utamu wa kama mara 200 ya sukari. Mwaka 1976 jijini London, Shashikant Phadnis aliambiwa aipime dawa fulani, akasikia ameambiwa aionje, akaionja. Hiyo ni sukralosi, mara 600. Stevia peke yake ndiyo yenye ukoo wa heshima: ni majani ambayo Waguarani wa Paraguay wametia kwenye vinywaji vyao kwa karne nyingi.

Je, ni salama? Julai 2023 wataalamu wa saratani wa WHO waliiweka aspatemu kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, kwa kuwa ushahidi uliopo ni haba. Kamati nyingine, ile inayopima viungo vya vyakula, ikabakiza kiwango kilekile cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa makopo 9 hadi 14 kwa siku, kama hapati aspatemu kwingine, ndipo akivuke. Basi kidonge kimoja kwenye chai kisikunyime usingizi, isipokuwa kama una ugonjwa wa kurithi wa fenilketonuria. Wewe aspatemu ikimbie.

Lakini usitegemee vikupunguze unene. Mei 2023 WHO hiyohiyo ilishauri vitamu visivyo sukari visitumiwe kwa ajili ya kudhibiti uzito, kwa kuwa kwa muda mrefu faida yake haionekani. Ninavyoona mimi, kidonge kinakutoa kwenye vijiko vitatu bila maumivu. Ukishavuka, kiache nacho, maana ulimi unaotunzwa kwenye utamu mkali utadai utamu mkali. Zilitoli, kitamu mbadala kingine, haiwalishi bakteria wa meno, ndiyo maana imo kwenye jojo nyingi, ila ukizidisha tumbo litakukimbiza, na mbwa akiila inaweza kumuua.

Asali najua unaipenda, na unapenda kuonekana ukiipenda. Ni tamu, ina harufu ya porini, na mgeni akiiona mezani anakuheshimu. Lakini karibu asilimia 80 yake ni sukari, na ini haliulizi kama imetoka kwa nyuki au kiwandani. Sukari guru na sukari ya kahawia ni hivyohivyo. Rangi ni mabaki ya molasi, madini yake ni kidogo mno kukufaa. Zile kwa raha, kwa kijiko kilekile cha kipimo. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu.

8. Mtoto usimwanzishe.

Hapa njia ya mkato ni nyepesi kuliko zote. Ulimi usiofundishwa utamu hauhitaji kudanganywa. Uingereza ilikuwa ikigawa sukari kwa mgao tangu vita vya pili vya dunia hadi Septemba 1953. Watafiti walipowafuatilia watu waliotungwa mimba na kulelewa wakati wa mgao, katika utafiti uliotolewa mwaka 2024, waliona kwamba hatari yao ya kisukari cha aina ya pili ilikuwa chini kwa asilimia 35 hivi, na ya shinikizo la damu kwa asilimia 20, wakilinganishwa na waliozaliwa mgao ulipokwisha. Uji wa mtoto wako usiujazie sukari kwa sababu wewe umeuonja ukauona hauna ladha. Yeye hajui kinachokosekana.

9. Kopo la sukari libaki kabatini.

Usilitupe kwa hasira ya kujirekebisha. Mtu akiharisha na pakiti za dawa ya kurudishia maji mwilini hazipo, utahitaji vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Vipimo hivyo usivizidishe.

Na kama nyumbani kuna anayechoma insulini, akaanza kutetemeka, kutoka jasho na kuongea ovyo, sukari yake imeshuka. Ikiwa anaweza kumeza, mkorogee vijiko vinne kwenye maji kidogo, au mpe nusu glasi ya soda ya kawaida. Ile isiyo na sukari haitamsaidia kitu. Subiri dakika 15. Kama bado, rudia, kisha mpe chakula. Akiwa amezimia usimtie chochote mdomoni, mlaze ubavu na mkimbizeni hospitali.