Mtumishi wa Roboti

Hongera, jirani yangu wa Ujiji, kwa roboti ya kudeki uliyoagiza Dubai. Ilikuja kumpumzisha dada wa kazi. Sasa dada akishadeki nyumba, anaihudumia na roboti yenyewe: anachambua nywele na nyuzi za mkeka zilizojisokota kwenye brashi, anasuuza chujio lililojaa tope jekundu, anafuta vitambuzi kwa kitambaa kikavu. Ikigoma tena, inazimwa na kuwashwa. Ikifika kwenye zulia jeusi inarudi nyuma kama bibi harusi, maana kitambuzi cha kuizuia isiporomoke ngazini hudhani weusi ni shimo.

Hapo Kigoma tu, Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen mwaka 1916, mitambo ikiwa imepakwa grisi. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka kadhaa chini ya ziwa, wala haikudai nywila. Roboti yako imekwama chini ya kochi inatafuta intaneti.

Mwongeze dada mshahara, jirani. Siku hizi ana mabosi wawili.