Kila Picha Ina Bawa

Simu yangu imejaa picha za Mlima Kilimanjaro nilizopiga kutoka angani, na karibu zote hazina mlima. Zina bawa. Bawa na wingu, bawa na jua, bawa na kipande cha theluji ambacho lazima nikuoneshe kwa kidole ndipo uamini.

Na mlima wenyewe hauna kosa. Kutoka Dar es Salaam hadi KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ni mwendo wa kama saa moja hewani. Siku ambayo mawingu yamelala chini, Kibo huchomoza juu yake, mita 5,895, na Mawenzi pembeni imechongoka kama jino bovu. Ndege za pangaboi haziendi juu sana, kwa hiyo mnatazamana na mlima karibu uso kwa uso. Abiria wote wa kushoto huhamia kulia kwa shingo.

Ila kamera ya simu hupenda kilicho karibu. Ielekeze Kibo, yenyewe itakazia mkwaruzo wa kioo, au mafuta ya paji la uso la abiria aliyesinzia hapo jana, au kile kitundu kidogo cha dirishani. Kitundu hicho kimewekwa makusudi: dirisha lina zaidi ya tabaka moja, na hewa ikipita hapo, kioo cha nje ndicho kinachobeba shinikizo, na ukungu haujai katikati. Jirani yangu mmoja alipokiona aliniinamia akaninong'oneza, "Kaka, tumwambie mhudumu au tuanze kusali?"

Pangaboi nalo lina vituko vyake. Simu haichukui picha yote kwa mkupuo. Huisoma mstari baada ya mstari, na pangaboi halisubiri. Matokeo yake ni vipande vilivyopinda, vingine vimeachana kabisa na injini. Tulipotua niliituma picha ya namna hiyo kwenye kundi la familia, nikaandika chini yake, "Tazameni kazi ya Mungu." Mama akapiga simu papo hapo.

"Mwanangu, hilo panga lilikatika mkiwa wapi?"

Nikamweleza habari ya mistari, kwa kirefu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa. Urudi na basi."

Halafu kuna suala la kipazia. Kwenye safari za asubuhi, upande wa kulia ndio wenye mlima na ndio wenye jua. Safari moja dirishani alikaa mama wa makamo, na hata Mto Wami hatujauvuka, kipazia kimeshateremshwa.

"Shikamoo mama. Samahani, naomba tufungue kidogo tukikaribia mlima."

"Marahaba. Mlima upi?"

"Kilimanjaro, mama."

Akanitazama kwa huruma. "Baba, mimi nimezaliwa Machame. Huo mlima nauona tangu nanyonya."

Kipazia kikabaki chini hadi magurudumu yalipogusa ardhi.

Najifariji kwamba hata magwiji waliumbuka. Nadar, mpiga picha maarufu wa Ufaransa, alipanda na kamera kwenye puto nje ya Paris mwaka 1858, na picha zake za mwanzo hazikutoa kitu: gesi iliyokuwa ikitoka kwenye puto ilikuwa ikiharibu dawa ya sahani zake za kioo. Na yeye hakuwa na bawa la kulaumu.

Ukinyimwa upande wa mlima, usinune. Upande usio na jua una tamasha lake. Tafuta kivuli cha ndege juu ya mawingu. Mara nyingi utakikuta kimezungukwa na duara la rangi za upinde wa mvua, ambalo ni mwanga wa jua unaorudishwa na matone madogo ya wingu. Kitovu cha duara hilo huwa pale ulipoketi wewe unayetazama. Si kwa rubani, wala si kwa wale waheshimiwa wa viti vya mbele. Sisi wa safu ya mwisho, tunaonusa choo safari nzima, hiyo ndiyo heshima pekee tunayopewa bila kuongeza nauli.

Ukienda KIA kutoka Dar, omba dirisha la kulia, mbali na bawa. Ukirudi, la kushoto. Vaa nguo nyeusi isiakisi kwenye kioo, zima flashi, sogeza simu karibu na dirisha. Na kabla hujakubali kumpisha mtu akae dirishani, muulize kwanza amezaliwa wapi.