Mwalimu Amesema

Wenye elimu ya siasa wameandika mengi juu ya namna dola zinavyoanguka, walakini sijapata kumwona hata mmoja wao aliyetaja mapinduzi yanayotokea kila mwezi wa Januari katika nyumba zenye watoto wa shule ya msingi, ambamo mwenye nyumba, aliyelala akiwa na mamlaka yake kamili, au walau yale ambayo mkewe huona vema kumwachia, huamka amekuwa raia wa kawaida chini ya mtawala asiyemjua kwa sura wala kwa sauti, na ambaye amri zake zote humfikia kwa kinywa cha mtoto wa miaka saba asiye na meno mawili ya mbele.

Nyumbani kwetu Tanga, mjumbe wa mtawala huyo mwaka huu ni mwanangu wa kiume, aliyeingia darasa la kwanza. Dada yake yuko la tatu na enzi yake imekwisha. Siku hizi akileta habari twamhoji mpaka atoe ushahidi. Mdogo wake tulimpokea kwa imani, kwa kuwa kabla ya Januari alikuwa mtoto wa maneno machache, na mtu wa maneno machache hudhaniwa kuwa mkweli.

Silalamikii gharama. Serikali ilikwisha kufuta ada katika shule zake za msingi, na mzazi wa leo hana haki ya kulia kilio cha baba zetu, waliouza mbuzi ili mtoto ajue kuandika jina lake. Lakini waraka wa kufuta ada uliandikwa na watu wazima, ambao hawakuweza kukisia mambo yanayoweza kudaiwa na mtu mfupi aliyesimama mlangoni mwa chumba chako saa tatu usiku.

Maana amri hizi hazifiki mchana. Mtoto hurudi shuleni adhuhuri, akala, akaenda chuoni kwa ustadhi, akarudi, akacheza gololi hadi magharibi, akaogeshwa kwa vita, akala tena, na muda wote huo ukimwuliza habari za shule hukujibu kuwa hakuna. Ni mpaka maduka yote ya Ngamiani yafungwe, na baba awe amekwisha kuunyoosha mgongo kitandani, ndipo kumbukumbu humrudia.

"Baba."

"Naam."

"Mwalimu amesema kesho twende na vijiti mia vya kuhesabia. Asiyekuwa navyo atasimama."

"Atasimama wapi?"

"Atasimama tu."

Hakuna adhabu ya kutisha kama ile isiyoelezwa. Niliinuka. Vijiti mia saa tatu za usiku havinunuliki, lakini nyuma ya mlango wa uani palikuwa na ufagio mpya wa chelewa, alioufunga mama mkwe wangu kwa mikono yake mwenyewe, kwa chelewa alizoletewa kutoka Pangani, ufagio uliokuwa bado na ukijani wake. Nilichukua kisu, nikaketi sakafuni, nikaanza kukata chelewa kwa urefu wa kidole cha shahada. Kukata si kazi. Kazi ilikuwa kuhesabu. Umeme ulikatika nikiwa katika ishirini na kitu, tukawasha kandili, na binti yangu, kwa nia njema kabisa ya kutumia mwanga ule ule, akaanza kukariri jedwali la sita kwa sauti. Nilikuwa nimefika sitini na tatu aliposema sita mara sita thelathini na sita, na mara nikajisikia nikisema thelathini na saba. Nilianza upya, nikapotezwa tena na mara saba. Mke wangu, ambaye alikuwa akinitazama kwa subira inayoudhi kuliko kicheko, alisema kwa upole, "Si uvifunge kumi kumi?" Ndiyo hekima yenyewe ambayo vijiti vile vimekusudiwa kumfundisha mtoto wa darasa la kwanza, ili aone kwa macho na kushika kwa mkono ni nini kumi na ni nini moja, nami ilinifikia nikiwa na umri wa miaka arobaini na ushei.

Alfajiri mama mkwe alitoka kufagia uani. Alirudi ameshika fundo la ufagio lililosaliwa na chelewa zisizotosha kufukuza nzi.

"Mwanangu," akaniita, kwa sauti ambayo haikuwa na umama hata kidogo, "ni nini hii?"

Kabla sijajibu, mjumbe alipita katikati yetu akiwa na andazi mkononi. "Mwalimu amesema, Bibi."

Bibi huyu hakunyamazishwa na marehemu mumewe, wala na mtendaji wa kata, wala na daktari aliyemkataza chumvi. Siku hiyo alinyamaza. Aliliweka fundo lile juu ya mtungi, akasema, "Basi kama mwalimu amesema," akaenda kufagia kwa tawi la mwarobaini.

Siku chache baadaye, saa tatu usiku, ilishuka amri nyingine: kila mtoto aende na ufagio wa chelewa.

Nitapita upesi juu ya dumu la maji la lita tano, ambalo lilikwenda shuleni na mfuniko na kurudi bila mfuniko, kisha likaacha kurudi; juu ya shati jeupe lililofuliwa pamoja na kitambaa chekundu cha dada mtu, likatoka na rangi ambayo hakuna shule iliyoichagua kuwa sare; na juu ya kiatu cha kushoto, tulichokitafuta nyumba nzima hadi kengele ikalia tukiisikia, kumbe kuku alikuwa amekiona kinafaa na ameanza kutaga. Hata tarehe 12, sikukuu ya Mapinduzi, shule zikiwa zimefungwa, amri hazikukoma.

Na hapo ndipo shaka ilipoanza kuniingia, kwa kuwa niliona mtawala wetu anavuka mipaka ya elimu na kuingia katika sahani. Mwalimu alikuwa amesema mchicha unatosha mara moja kwa juma. Mwalimu alikuwa amesema embe ni dawa ya macho, kwa hiyo anayesoma ale mbili. Na katika mambo ambayo mwalimu alikuwa hajatoa kauli, mtoto aliihamisha kesi kwenye mahakama nyingine: alikataa kuoga kwa hoja ya kwamba ustadhi amekataza israfu ya maji. Nani angeweza kubishana na hoja hiyo? Dini ndivyo isemavyo.

Mwisho wa mwezi uliitishwa mkutano wa wazazi. Nilikalishwa kwenye dawati la darasa la kwanza, magoti yakiwa karibu na masikio, nikamngoja mtawala. Aliingia binti mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba wazazi wa nyuma waliinama mbele kumsikia. Baada ya kikao nilimwendea, naye nilipojitambulisha alisimama wima, kwa taadhima iliyonishangaza.

"Mzee, nilitamani sana tuonane," alisema. "Nimejitahidi kuyafuata maagizo yako yote."

"Maagizo gani, mwalimu?"

Alianza kuyataja kwa vidole. Baba amesema asikae karibu na dirisha, upepo humletea mafua. Baba amesema asifute ubao, kwa ajili ya vumbi la chaki. Baba amesema siku za Jumatano atoke mapema, nyumbani kuna wageni. Baba amesema asiulizwe hesabu kabla ya uji. "Tulidhani wewe ni mkubwa fulani wa halmashauri," akamaliza, huku macho yake yakishuka kwenye ndala zangu.

Tulitazamana, wafalme wawili tuliotawaliwa na tarishi mmoja, na tukaafikiana pale pale kuondoa fitina. Mwalimu alitoa daftari jipya, akalifunika kwa karatasi ya kaki, akachora mistari, akaandika kwa mwandiko wa kupendeza juu ya kila ukurasa, upande huu "Maelezo ya mwalimu" na upande huu "Maoni ya mzazi". Kila siku yeye ataandika, nami nitasoma na kutia sahihi. Mtoto aliitwa, akalipokea kwa mikono miwili, akalitia mkobani.

Jumatatu jioni nilirudi kazini nikamkuta mama mkwe barazani na karai lake, akiuza bagia kama kawaida yake. Alinipa nne, za moto, zimefungwa katika karatasi nzuri yenye mistari, na palipokuwa pameanza kulowa mafuta niliweza kusoma bila taabu maneno "Maoni ya mzazi".

"Mama," nilimwuliza, "karatasi hizi umezipata wapi?"

"Kwa mjukuu wangu," akajibu, bila kuinua macho kutoka kwenye karai. "Kaniambia wewe ndiye uliyesema."