Nywele Zinazosimama Kiangazi: Dawa Sita za Mji wa Tabora

Mvua ikishakata Tabora mwezi wa Mei, usiitegemee tena hadi Novemba. Hewa inakauka, na kila anayevua sweta la mtumba asubuhi anasikia "tatata" kichwani. Si jini. Ni umeme tuli: nywele zikisuguana na nailoni, chaji huhama, na nywele zinazobaki na chaji ya aina moja hufukuzana. Masika unyevu wa hewani huiondoa kimyakimya. Kiangazi haina pa kwenda. Tuanze na dawa hafifu, tushuke hadi kiboko yao.

6. Shika chuma. Gusa bomba la maji, chaji ya mwilini ikimbilie ardhini. Nywele zenyewe zitachelewa kupata habari, lakini kwa mwenye kuwahi treni si haba.

5. Maji, kwa adabu. Pulizia viganjani, kisha pitisha kichwani. Umeambiwa kulowanisha, hujaambiwa kuoga.

4. Wigi la plastiki. Hilo halinywi maji wala halisikii mafuta. Liloweke kwenye maji yenye dawa ya kulainishia nguo, lisuuze, lianike kivulini. Livue kwanza, tafadhali.

3. Asali. Hapa Mnyamwezi hahitaji kufundishwa. Mizinga ya miombo imemlea. Asali huvuta unyevu na kuushikilia, kwa hiyo kijiko kidogo katika lita moja ya maji ya mwisho ya kusuuzia kinatosha. Nywele zikikauka, matone mawili ya mafuta ya nazi au ya karanga yapunguze msuguano. Nta nayo inafaa, ila kidogo mno: ukizidisha, vumbi lote la barabara ya Kipalapala litahamia kwako, na halilipi kodi.

2. Tupa kitana cha plastiki. Hapa nina kinyongo cha kihistoria. Karne ya 19 wapagazi walibeba pembe za ndovu mabegani kutoka Unyanyembe, yaani eneo hili la Tabora, hadi Bagamoyo, zikavuka Zanzibar, nyingine zikafika Connecticut, Marekani. Huko, katika miji kama Deep River, viwanda vilizichonga vitana, baadaye zaidi vibao vya piano. Sisi tukabaki na nini? Plastiki, inayosugua nywele na kuzijaza umeme. Pembe zibaki kwa ndovu wenyewe, hatuzidai. Lakini fundi seremala yupo: chanuo la mti lililopigwa msasa vizuri, likapakwa mafuta, linamaliza kesi.

1. Rudi kwenye pamba. Misafara hiyohiyo ilipokuja bara ilileta merikani, kitambaa cha pamba kilichofumwa Massachusetts. Kilikuwa fedha: kililipa hongo (ushuru wa kupita) kwa watemi, kilinunua chakula njiani, na mwandishi wa habari Stanley alipofika hapa mwaka 1871 mizigo yake ilijaa vitambaa. Pamba hunywa unyevu, hivyo chaji haikai sana. Leo tunajifunika polista kuanzia ushungi hadi blanketi, halafu tunashangaa kichwa kikitoa cheche gizani. Kama ushungi wa polista huwezi kuuacha (harusi ni harusi), tanguliza kofia ya pamba ndani. Na ukienda mitumbani, soma lebo kabla ya kuuliza bei: akriliki na polista mwachie muuzaji, pamba ichukue hata kama imefifia rangi.